Kocha Aliyeandika Tisa

Wewe unayenisikiliza, kama hujawahi kukimbia hata kuwahi treni, usiwe na wasiwasi. Habari hii haihitaji pumzi. Inahitaji ujue mambo mawili tu, nami nitakueleza yote mawili taratibu: mbio za nyika ni nini, na mtu tuliyemwita Kocha alihesabu watu kwa namna gani. Ukishayashika hayo, mengine utayaona mwenyewe.

Mbio za nyika ni mbio ndefu zinazokimbiwa nje ya uwanja, kwenye nyasi, matope na vilima. Hazina watazamaji wengi. Wakimbiaji hupotelea nyuma ya miti kwa robo saa, na waliobaki huzungumzia hali ya hewa mpaka warudi. Chuo chetu cha ufundi, upande wa Campbelltown, kusini-magharibi mwa Sydney, kilikuwa na timu moja iliyokimbia mbio hizo wakati wa baridi na mbio za uwanjani wakati wa joto. Wengi wetu tulisomea kutunza wazee au kuendesha mashine za kunyanyulia mizigo kwenye maghala. Hatukuwa maarufu. Mara moja tulitajwa kwenye jarida la chuo, na picha waliyoiweka ilikuwa ya timu ya chuo kingine.

Kocha alikuwa Mrundi aliyekaa miaka mingi kambini Tanzania kabla ya kuletwa huku, kwa hiyo Kiswahili chake kilinyooka kuliko changu mimi wa Kivu. Mkataba wake wa kazi ulisema akate nyasi. Ukocha aliongezewa baadaye, yule wa kwanza alipohamia Penrith na ofisi ikagundua kwamba tayari kuna mtu anayeshinda uwanjani kila siku. Walimpa filimbi na fulana yenye neno "kocha" mgongoni. Filimbi hakuipiga hata siku moja. Alisema ng'ombe ndio wanaopigiwa mluzi, na hata wao wakizoea huacha kusikia.

Sikuwahi kumwona akikimbia. Mvua ikinyesha, sisi tulikimbilia kibandani, yeye alitembea, akafika ameloa, akatuuliza kama tumechoka. Alituambia kukimbia si kazi ya mtu mwenye funguo mfukoni. Na kweli alikuwa na funguo nyingi mno: za stoo, za geti, za mashine ya kukata nyasi, na za mlango mmoja uliokuwa umeshaondolewa na ukuta wake. Alipotembea ulimsikia kutoka mbali, na nadhani hiyo ndiyo ilikuwa filimbi yake.

Michezo ya kwenye runinga hakuipenda. Mpira wa miguu aliuona una watu wengi mno kwa kitu kimoja. Tulimwalika mara moja tutazame naye mashindano makubwa ya riadha, akalala kabla ya mzunguko wa tatu, akaamka wakati wa kugawa medali na kusema yule wa pili alikuwa akitupa mkono wa kushoto vibaya. Tulirudisha nyuma tukatazama. Alikuwa akitupa mkono wa kushoto vibaya.

Maneno yake ya kufundishia yalikuwa machache, na hakuyabadilisha kwa miaka yote niliyomjua. Mtu aliyeanza kwa kasi ya kujionyesha alimwambia, "Ukifika huko mbele, tusalimie." Mtu aliyelalamika kwamba kifua kinamuuma alijibiwa kwamba kinauma kwa sababu kiko kazini. Na aliyekuwa na tabia ya kugeuka nyuma wakati wa kukimbia, tabia ambayo wengi wetu tulikuja nayo kutoka tulikotoka, alimsimamisha kabisa, akaenda kusimama pale alipokuwa akitazama, akauliza kwa sauti ya kawaida, "Unamtazama nani? Nimefika huku. Hakuna mtu."

Mimi aliniambia hivyo mara nne. Mara ya tano sikugeuka.

Sasa usidhani alikuwa mtu asiyeogopa kitu. Aliogopa ndege. Huku kwetu, kuanzia mwezi wa tisa, kuna ndege weusi wenye mabaka meupe ambao huatamia mayai juu ya mikaratusi na kumshukia kichwani kila apitaye chini. Kocha, aliyevuka mipaka ambayo mimi nisingeivuka, alikata nyasi miezi hiyo akiwa amevaa kofia ngumu ya baiskeli aliyoichorea macho mawili kwa nyuma. Mti mmoja wenye kiota ulikuwa kwenye kona ya njia yetu ya mazoezi. Tulimwomba abadilishe njia. Akafikiri siku mbili, akasema njia itabaki. Mita mia mbili za kutoka kwenye mti ule ndizo tulizozikimbia vizuri kuliko zote, na muda wetu wa sehemu hiyo uliwashangaza makocha wa vyuo vingine. Yeye mwenyewe alitupimia muda kutoka ng'ambo ya barabara.

Haya, sasa nikueleze habari ya kuhesabu, kwa sababu ndiyo iliyotufikisha tulipofika.

Kocha hakumhesabu mtu kwa kumnyooshea kidole. Hiyo kwake ilikuwa namna ya kuhesabu mbuzi. Kabla ya mazoezi kila mtu alimwendea, akampa mkono, akataja jina lake, akasema "nipo." Kocha aliandika kwenye daftari la shule lenye jalada la bluu, ndipo ukaruhusiwa kwenda kunyoosha misuli. Haikujalisha kwamba anakufahamu. Haikujalisha kwamba mmetoka kula pamoja. Hujasema nipo, hujafika. Na hakuna aliyeruhusiwa kumsemea mwenzake. Kama rafiki yako alikuwa ameegesha gari pale getini, unamwona, anafunga viatu, Kocha alisubiri mpaka amalize kufunga viatu.

Sisi tusiokuwa wageni wa Kiswahili tuliona ni jambo la kawaida. Lakini timu ilikuwa na Wasamoa, Walebanoni, na kijana mmoja wa Nepal, na wote walisema "nipo" kwa miaka miwili wakidhani ni neno la riadha. Yule wa Nepal alilisema siku ya usaili wa kazi kwenye ghala moja pale Ingleburn, jina lake lilipoitwa. Alipata kazi.

Siku moja kwenye treni, tukitoka mashindanoni, nilimuuliza kwa nini asiandike tu anapotuona. Akaniambia kwamba kambini kulikuwa na siku ya kuhesabiwa. Ilitangazwa, watu wakapanga mstari tangu alfajiri, maofisa wakapita. Dada yake alikuwa amekwenda kutafuta kuni, akachelewa kurudi. Mama yao aliwaeleza maofisa kwamba binti yupo, anakuja, hata nguo zake hizi hapa. Wakamjibu kwa upole kwamba wao wanahesabu watu, hawahesabu nguo. Kwa miezi kadhaa familia ya watu sita ikala chakula cha watu watano. Jirani yao mmoja alitaja watoto wawili ambao hawakuwapo. Maofisa walirudi kuhakiki, hawakuwaona, wakamfutia kadi nzima ya chakula.

Alinisimulia hayo kwa sauti ile ile aliyoitumia kueleza mbolea. Kisha akatoa ndizi, akaigawa katikati, akanipa nusu kubwa.

"Kwa hiyo usiseme upo kama hupo," akasema. "Na kama upo, sema mwenyewe."

Nilidhani nimeelewa.

Mwaka wa tatu wa mimi kukimbia pale, ofisi ya chuo ilituma barua kwa timu zote. Ilikuwa barua ya adabu. Ilisema bajeti imebana, kwamba chuo kinathamini sana michezo, na kwamba timu isiyofikisha wanachama kumi na watano haitaendelea mwaka unaofuata. Pamoja nayo kulikuwa na fomu ya ukurasa mmoja. Swali kubwa lilikuwa moja: idadi ya wanachama.

Sisi tulikuwa ishirini na wawili.

Kwa kawaida fomu za Kocha nilizisoma mimi. Alikijua Kiingereza cha mashine, cha nyasi na cha hospitali, lakini Kiingereza cha ofisi alikiona kama chumba ambamo watu wanakaa bila kuvua koti. Tulikubaliana nije Jumatano jioni tuijaze pamoja. Jumatano ile mwenzangu kazini aliugua, wakanipigia simu nichukue shifti yake, nami nikaichukua. Kutunza wazee ni kazi ambayo mtu akikosekana, kuna mzee anakosa kuogeshwa. Nikamtumia Kocha ujumbe kwamba tutaijaza kesho.

Kesho yake nikamkuta stoo akisafisha ile mashine ndogo ya kuchora mistari, yenye gurudumu moja na ndoo ya rangi nyeupe. Nikamuuliza fomu iko wapi. Akasema ameshaipeleka, kwa kuwa swali lilikuwa rahisi. Nikamuuliza ameandika wangapi.

"Tisa."

Nikafikiri anatania, halafu nikakumbuka ni nani ninayeongea naye.

"Kocha, sisi ni ishirini na wawili."

"Jana mlikuwa tisa."

"Jana ilikuwa Jumatano. Wengine tulikuwa kazini."

"Najua," akasema. "Ndiyo maana hamkuwapo."

Nilikaa juu ya ndoo nyingine tupu. Nikamweleza, kwa utulivu kadiri nilivyoweza, kwamba mwanachama si lazima awe amesimama mbele yako. Mtu anaweza kuwa mwanachama akiwa kazini, akiwa amelala, hata akiwa Melbourne. Nikamweleza kwamba chini ya kumi na watano tunafutwa. Alinisikiliza mpaka mwisho, huku akizungusha gurudumu kuona kama limebaki na rangi. Kisha naye akanieleza, kwa upole ule ule wa mtu anayemfundisha mgeni desturi za mahali.

"Wewe hukuishi kambini, binti. Fomu ni mwanzo tu. Wakishapata fomu watakuja kuhakiki. Ukiwaandikia ishirini na wawili wakakuta tisa, wanafuta wote. Ukiwaandikia tisa wakakuta ishirini na wawili, watafurahi. Wataandika upya wenyewe, kwa mkono wao. Hiyo haifutiki."

"Hawatakuja, Kocha. Huku hawaji."

"Watu ni watu," akasema. "Hawawezi kufuta kitu bila kuja kukiona."

Nilikwenda ofisini mwenyewe. Mama mmoja wa pale, mwema, mwenye picha za paka mezani, aliniambia fomu imeshapokelewa na muda wa mwisho umeshapita saa sita mchana. Akanishauri niandike barua pepe. Nikaandika, nikaorodhesha majina yetu yote ishirini na mawili na kuwaalika waje kututazama Jumamosi. Nikajibiwa papo hapo na kompyuta kwamba barua yangu ni muhimu na itashughulikiwa.

Kocha alichukua jibu hilo kama uthibitisho. Akatuita wote kwa Jumamosi, saa moja asubuhi, fulana safi.

Sasa hapa naomba unielewe. Kila mmoja wetu alijua hakuna atakayekuja. Wasamoa walijua, kijana wa Nepal alijua, mimi ndiye niliyejua kuliko wote. Lakini hakuna aliyekubali kuwa wa kwanza kumwambia Kocha kwamba hatakuja kuhesabiwa. Mmoja alibadilishana shifti ya ghala na mtu asiyempenda. Mmoja alitoka Penrith kwa treni ya alfajiri, akabadilisha mara mbili. Mimi nilimwomba meneja wangu ruhusa nikasema nina jambo la kifamilia, na sikuona kwamba nimesema uongo. Miaka mitatu hatukuwahi kutimia wote siku moja. Siku ile tulitimia. Ishirini na wawili walimpa mkono, ishirini na wawili walisema nipo.

Kocha alikuwa amechora mistari upya usiku wa kuamkia Ijumaa, kwa hiyo ilikuwa imekauka vizuri. Alituweka kwenye mstari wa kuanzia, kwa urefu, wafupi mbele. Alituzuia tusikimbie, maana mtu mwenye jasho huonekana kama ametoka kukimbilia kuhesabiwa. Tukasimama. Saa mbili ikapita. Gari moja jeupe liliingia getini, Kocha akavuta fulana yake chini, tukanyoosha migongo. Lilikuwa la mtu wa kutengeneza viyoyozi. Alituuliza jengo la maabara liko wapi, tukamwonyesha, wote ishirini na wawili kwa mkono.

Ilipofika saa nne Kocha akatazama saa, kisha geti, kisha sisi. Akafungua daftari, akaandika kitu, akalifunga.

"Basi, kimbieni," akasema.

Tukakimbia. Hata kwenye mti wa ndege tulikimbia polepole.

Barua ya pili ilikuja baada ya wiki mbili, nayo ilikuwa ya adabu kuliko ya kwanza. Mwaka uliofuata hakukuwa na timu. Kocha alirudishwa kwenye kazi yake ya nyasi, akaagizwa arudishe fulana, na akaambiwa asichore tena mistari ya mbio, kwa kuwa rangi haina tena mahali pake kwenye bajeti. Fulana aliirudisha imepigwa pasi. Nimejiuliza mara nyingi kama ningekataa shifti ile ya Jumatano mambo yangekuwa mengine. Huenda. Lakini mwaka mmoja baadaye walifuta na timu ya kuogelea, ambayo ilikuwa na wanachama arobaini na ilijaza fomu yake vizuri sana.

Nilimaliza masomo, nikapata kazi ya kudumu kwenye nyumba ya wazee, nikahamia Ingleburn. Sikukimbia tena. Ukishaacha wiki moja, ya pili inakuja yenyewe. Ikapita miaka minne.

Jumamosi moja mwaka huu nilikuwa kwenye treni ya asubuhi kwenda kazini. Kabla tu ya kufika Campbelltown, uwanja wa chuo huonekana dirishani kwa muda wa kama pumzi nne. Nilikuwa nimeupita mara nyingi bila kuutazama. Siku ile jua lilikuwa chini, linapiga kwa ubavu, nami nikaona njia za kukimbilia. Njia sita, zimezunguka uwanja mzima, moja nyeupe-nyeupe, inayofuata nyeusi, kona zake zimekaa sawasawa. Nikadhani timu imerudishwa. Nilipiga simu kazini nikasema nitachelewa nusu saa, jambo ambalo sikuwahi kulifanya.

Hakukuwa na timu. Kulikuwa na Kocha, juu ya mashine ya kukata nyasi, amevaa kofia yake yenye macho kisogoni, na nywele zilizotokeza chini yake zilikuwa zimekuwa nyeupe. Nilipokaribia, zile njia zikapotea. Mbele yangu kulikuwa na nyasi tu, za kijani, hakuna rangi hata tone. Akazima mashine, na kabla sijauliza akaanza kunieleza. Mashine ina gogo zito la chuma nyuma, linaloviringika na kulaza nyasi. Ukikata kwenda huku, zinalala huku, zinang'aa. Ukikata kurudi, zinalala kule, zinakuwa nyeusi. Ukisimama juu yake huoni. Ukiwa mbali, au juu kidogo, kwa mfano kwenye treni, unaona kila kitu.

"Wamenikataza rangi," akasema. "Kukata nyasi ni kazi yangu."

Nikamwambia nimefurahi kumwona. Nikampa mkono. Hakuuachia. Kwa mkono mwingine alitoa daftari mfuko wa nyuma; jalada lilikuwa la bluu, ila jipya.

"Jina," akasema.

"Kocha, si unanijua."

"Nakujua sana. Jina."

Nikataja jina langu. Akasubiri. Nikasema nipo, na sauti yangu ikanitoka ndogo kuliko nilivyokusudia. Akaandika. Kurasa zilikuwa zikipepea, nikaona tarehe za Jumamosi zimepangwa kutoka juu hadi chini, kila moja na nambari mbele yake. Sifuri. Sifuri. Sifuri. Mahali fulani palikuwa na moja, yule kijana wa Nepal aliwahi kupita akitoka kazini, kisha sifuri zikaendelea, zimeandikwa kwa mwandiko mzuri, duara limefungwa vizuri.

Nikamuuliza, kama alikuwa hapa kila Jumamosi, kwa nini asijiandike hata yeye mwenyewe.

Akanitazama kama anavyotazamwa mtu aliyeuliza swali la ajabu. "Mimi ndiye ninayehesabu."

"Na ofisi, wanasemaje?"

"Hawajaja bado."

Nilitaka kumweleza tena. Mimi ni mtu wa kueleza, umeshaona. Nilikuwa na maneno yote tayari, kuhusu fomu, kompyuta, na jinsi huku mtu anavyofutwa na watu ambao hawatajua hata uwanja uko upande gani. Badala yake nikavua koti, nikalitundika kwenye usukani wa mashine, nikakimbia mzunguko mmoja kwa viatu vya kazi. Kwenye kona ya mwisho nilisikia funguo zikilia nyuma yangu. Sikugeuka.

Nilipomaliza, alinifikia akitembea, akitazama saa yake. Hakuniambia muda wangu. Aliniambia tu kwamba watu wakifika kumi na watano ataandika barua, na safari hii mimi ndiye nitakayeisoma kabla haijaenda. Hilo lilikuwa miezi mitatu iliyopita. Nimewapigia simu wenzangu wa zamani, mmoja mmoja. Jumamosi iliyopita tulikuwa sita.

Kwa hiyo shuka Campbelltown Jumamosi kabla ya saa moja asubuhi, vuka daraja la waendao kwa miguu, fuata harufu ya nyasi zilizokatwa. Vaa viatu vyovyote. Mpe mkono mzee mwenye kofia ya macho, taja jina lako, sema "nipo," na usianze kukimbia mpaka uone ameandika.